Lini Muuguzi Afanye Mtihani wa Kiingereza

OET ni mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya. Ulibuniwa Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya madaktari, wauguzi na wataalamu wengine waliosomea ng'ambo, na leo una matoleo ya taaluma 12, kuanzia udaktari na uuguzi hadi ufamasia, tiba ya viungo na hata tiba ya mifugo. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, lilianza kuupokea Novemba 2017. Kabla ya hapo, muuguzi wa Kenya aliyetaka kusajiliwa Uingereza kwa njia ya mtihani alikuwa na IELTS tu, mtihani wa jumla ambao humtaka aandike insha kuhusu mambo kama usafiri wa mijini au malezi ya vijana. Sasa anachagua kati ya hiyo miwili. Akishachagua, hubakiwa na uamuzi ambao wengi huupitia haraka mno: aufanye lini.

Uamuzi huo ni mzito kwanza kwa sababu ya fedha. Ada ya OET ni dola mia kadhaa za Australia, na kwa muuguzi wa hospitali ya kaunti hiyo ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Ni mzito pia kwa sababu matokeo hayadumu. Yana uhai wa miaka 2. Yakipitisha muda huo kabla ombi la usajili halijawasilishwa, aliyefaulu vizuri kabisa hulazimika kulipa na kuanza upya, sawa na asiyewahi kuingia chumba cha mtihani.

Kenya ilipata somo lake hadharani. Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Kabla ya mwaka huo kwisha, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wahudumu wa afya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Taarifa hiyo iliwashangaza wengi, maana wauguzi wa Kenya husoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na vitabu vyao vyote vya chuoni ni vya Kiingereza. Palikuwa na kejeli nyingi mitaani na mitandaoni, na kejeli hizo hazikuwa za haki. Hata wauguzi ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa walilalamika mwaka 2017 kwamba wanaanguka IELTS. NMC yenyewe ilipunguza alama ya kuandika katika IELTS kutoka 7 hadi 6.5 Desemba 2018, kisha ikalegeza pia ile ya kuandika katika OET. Kundi la kwanza la wauguzi wa Kenya chini ya makubaliano hayo, watu 19, liliondoka Juni 2022.

Kujua lugha na kuwa tayari kwa mtihani wa lugha hiyo ni mambo mawili, na umbali baina yake ndio unaoamua tarehe. OET ina sehemu 4. Kusikiliza huchukua dakika 45 hivi na kusoma dakika 60, kila moja ikiwa na maswali 42. Kuandika ni barua moja ya maneno 180 hadi 200, kwa dakika 45 ambazo 5 za mwanzo ni za kusoma kumbukumbu za mgonjwa. Kuzungumza huchukua kama dakika 20. Kila sehemu hupewa alama kati ya 0 na 500. NMC hutaka daraja B, yaani alama 350, katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+, yaani alama 300, katika kuandika. Walimu wengi huchukulia majibu sahihi 30 kati ya 42 kuwa karibu na mpaka wa daraja B katika kusikiliza na kusoma. Kwa hiyo anayepata 30 nyumbani kwa majaribio bado yuko ukingoni. Anayepata 34 au 35, mara kwa mara, saa ikiwa imewekwa na simu imezimwa, huyo anaweza kuanza kutazama kalenda.

Neno mara kwa mara lina maana yake hapa. Jaribio moja zuri halithibitishi lolote, kwa sababu sehemu A ya kusikiliza hubadilika sana kulingana na sauti. Mtahiniwa husikia mazungumzo mawili kati ya mhudumu na mgonjwa na kujaza nafasi 24 zilizoachwa wazi katika maelezo, kila mazungumzo yakipigwa mara moja tu. Mgonjwa anaweza kuwa na lafudhi ya Australia, Uskoti au kaskazini mwa Uingereza, na hutamka dawa zake, tarehe zake na maumivu yake kwa mwendo wa mtu anayezungumza jikoni kwake. Aliyezoea Kiingereza cha mhadhiri wa chuo au cha taarifa ya habari hupoteza nafasi mbili akitafakari moja iliyompita. Sehemu A ya kusoma nayo ni maswali 20 juu ya matini 4 fupi, kwa dakika 15 tu, na zikiisha hakuna kurudi nyuma. Mambo haya mawili hayapatikani kwa kusoma sarufi. Hupatikana kwa mazoezi ya kila siku, na mwenye Kiingereza kizuri cha kazini huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi miezi 2 au 3, kabla alama zake hazijatulia.

Sehemu ya kuzungumza ndiyo inayowadanganya wengi kuhusu utayari wao, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme kadi ya igizo anayopewa mtahiniwa inasema hivi: mgonjwa ana umri wa miaka 58, ana kisukari, vidonge havimsaidii tena, daktari ameamua aanze insulini, naye anaogopa sindano. Mtahiniwa ana dakika 3 za kujiandaa, kisha dakika 5 hivi za kuzungumza na mtu anayeigiza mgonjwa huyo. Muuguzi wa Nakuru au Kisumu ameshafanya mazungumzo haya mara nyingi hata hakumbuki idadi. Anajua kumwamkia mzee kwa heshima, kumpa pole, kumuuliza kinachomtia hofu, kumwachia nafasi aseme habari za jirani aliyeanza sindano akafa, kisha kumrudisha taratibu kwenye dawa. Lakini yote hayo ameyafanya kwa Kiswahili, au kwa Kikuyu, au kwa Dholuo. Kiingereza chake cha kazini ni cha faili: kadeksi, yaani kadi ya kumbukumbu za mgonjwa, yenye vifupisho, ripoti ya kupokezana zamu, majibu mafupi wakati wa raundi ya daktari.

Akiingia chumba cha mtihani, Kiingereza cha faili ndicho kinachomtoka. Anamtajia mzee jina la kitabuni la ugonjwa wake, anamwaga maelezo yote kwa pumzi moja, na ule upole wake wa wodini hauonekani popote, kwa sababu hana maneno ya kuubeba. Mazungumzo hurekodiwa na kupelekwa kwa wasahihishaji, nao hawapimi matamshi na sarufi pekee. Hupima kama mhudumu amejenga uhusiano na mgonjwa, kama ametafuta kujua anachofikiri, kama amempa habari kwa vipande na kuhakikisha ameelewa. Mambo hayo muuguzi wa Kenya anayaweza tangu zamani, na ni jambo la kusikitisha kuona anapotezewa alama kwa kitu alicho nacho.

Kwa hiyo kipimo cha kweli cha utayari ni hiki: je, muuguzi anaweza kumtuliza mtu mwenye hofu kwa Kiingereza cha kawaida, dakika 5 nzima, bila kutafsiri kichwani? Wawili wanaojiandaa pamoja wanaweza kupimana wakati wa chai, mmoja akiwa mgonjwa, mwingine muuguzi, kisha wakabadilishana. Wakirekodi kwa simu na kusikiliza baadaye, watasikia wenyewe mahali sauti inapokauka na maneno ya kitabu yanapoingia. Tarehe ilipiwe baada ya mazungumzo kadhaa ya namna hiyo kwenda sawa. Anayelipia kabla, akitumaini kwamba tarehe itamsukuma kusoma, huwa anaweka rehani fedha nyingi kwa ajili ya msukumo ambao angeupata bure kwa mwenzake wa zamu.

Barua nayo ina tatizo lake. Kumbukumbu za mgonjwa hutolewa kwa wingi kuliko zinavyohitajika, na sehemu kubwa ya alama hutegemea kilichoachwa. Ikiwa muuguzi wa jamii anaandikiwa ili afuatilie kidonda cha mguu, upasuaji wa kidole tumbo wa miaka 20 iliyopita hauna nafasi katika barua hiyo, na sababu ya kuandika inatakiwa ionekane tangu aya ya kwanza. Mwenye mazoea ya kadeksi huandika kila kitu kwa mfuatano wa saa, kwa sababu kazini akiacha jambo huulizwa. Kuiacha desturi hiyo kunahitaji barua nyingi za mazoezi zilizosahihishwa na mtu anayeujua mtihani, na mahali pasipo na mwalimu wa namna hiyo muda wa maandalizi uongezwe.

Upande wa pili wa uamuzi ni karatasi. Ombi la NMC linahitaji uthibitisho kutoka chuo alichosomea muuguzi na kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya, pamoja na cheti cha polisi na maelezo ya afya. Baadhi ya karatasi hizo hazimo mikononi mwa mwombaji. Chuo kinaweza kuwa kimebadilisha jina au kuunganishwa na chuo kikuu, na msajili anayetakiwa kujaza fomu anaweza kuwa likizoni. Juu ya hayo upo mtihani wa NMC wa kompyuta wa hesabu za dawa na maarifa ya uuguzi, ambao unaweza kufanywa kabla ya kusafiri, halafu ule wa vitendo, OSCE, unaofanyiwa Uingereza kwenyewe. Kwa mwendo huo, miaka 2 huisha upesi. Ni salama zaidi kuanza kufuatilia chuo na baraza mapema, mazoezi ya Kiingereza yakiendelea, kisha mtihani ufanywe wakati karatasi zimeshaanza kurudi. Hospitali nyingi za Uingereza hutaka kuona matokeo ya Kiingereza kabla ya usaili, kwa hiyo kungoja hadi kazi ipatikane nako hakufai.

Kwa muuguzi aliyehitimu karibuni hesabu ni tofauti. NMC iliacha kudai mwaka mmoja wa uzoefu baada ya usajili, lakini waajiri bado huupenda sana, na mwenye shahada nchini Kenya ana mwaka wa mafunzo kazini wa kumaliza kwanza. Akifanya OET mwezi wa kwanza wa mafunzo hayo, nusu ya uhai wa matokeo itapita kabla hajawa na chochote cha kumwonyesha mwajiri. Hoja kwamba Kiingereza cha chuo bado ni kibichi kichwani haina nguvu, kwa kuwa kinachopimwa ni mazungumzo na mgonjwa, na hayo hukomaa wodini.

Hali ya ajira Uingereza pia imebadilika. Julai 2025 serikali ya nchi hiyo ilifunga njia ya kuajiri walezi wa wazee na wagonjwa kutoka nje. Wauguzi waliosajiliwa hawakufungiwa, lakini idadi ya wauguzi wapya kutoka ng'ambo ilikuwa imeshaanza kushuka, na nafasi haziji kwa kasi ya miaka ya 2021 na 2022. Mtu anaweza kufaulu leo na kukaa muda mrefu akituma maombi. Ndiyo sababu ya kuutazama upande wa nafasi za kazi kabla ya kulipia mtihani, na hata kupima nchi nyingine. Ireland na Australia huupokea OET, na kila baraza lina alama zake na masharti yake, ambayo lazima yasomwe kwenye tovuti ya baraza lenyewe kabla ya kulipa.

Mawakala huongeza haraka isiyo na maana. Husikika wakisema kundi linafungwa mwisho wa mwezi na asiye na matokeo ataachwa. Kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya zinakataza kumtoza mwombaji ada ya kutafutiwa kazi, na kwa Kenya zinataka uajiri upitie makubaliano ya serikali. Wakala anayeharakisha na kutoza kwa pamoja anavunja kanuni hizo, na tarehe anayoitaja isimwamulie muuguzi chochote. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu, hivyo mawakala hawaruhusiwi kwenda kutafuta watu huko. Muuguzi wa Tanzania anaweza kujiombea mwenyewe moja kwa moja, na faida yake ni kwamba ratiba yote iko mikononi mwake.

Wapo pia wanaoanzia Saudi Arabia, Qatar au Falme za Kiarabu. Huko kizuizi cha kwanza ni mtihani wa leseni wa maswali ya kuchagua ambao wauguzi wenyewe huuita Prometric. Baada ya mwaka mmoja wa kufanya kazi na wenzao Wafilipino na Wahindi, katika wodi ambako Kiingereza ndicho lugha ya kila mtu, wengi huwa na ulimi mwepesi kuliko walivyotoka nyumbani, na huo ni wakati mzuri kwao wa kufanya OET. Kinachowasumbua ni zamu za saa 12. Walioko Uingereza tayari kama walezi wana njia nyingine. Tangu Februari 2023, aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza na amefanya kazi katika huduma ya afya huko kwa angalau miezi 12 anaweza kutumia maelezo ya mwajiri kama ushahidi wa lugha. Aulize habari hiyo kazini kwake kabla ya kulipia mtihani wowote.

Siku yenyewe huchaguliwa kwa kutazama ratiba ya zamu. Anayetoka zamu ya usiku asubuhi na kuingia mtihani mchana anapoteza sehemu ya kusikiliza, maana sauti haimngoji anayesinzia. Baada ya wiki ya usiku mwili huhitaji siku kadhaa kurudi kwenye mwendo wake. Wenye busara huomba sehemu ya likizo ya mwaka iangukie wiki ya mtihani, na huiomba mapema kabla ratiba haijabandikwa. Mtihani wa kompyuta huwa na tarehe nyingi kuliko wa karatasi, lakini asiyezoea kuandika kwa kompyuta aongeze muda wa mazoezi ya kibodi, kwa sababu dakika 40 za barua hazitoshi kutafuta herufi moja moja.

Kuna pia suala la kurudia mtihani. NMC huruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, zamani ilikuwa 6, mradi sehemu zote 4 zifanywe kila mara na hakuna alama iliyo chini ya kiwango kwa zaidi ya nusu daraja. Kanuni hii humpa muda wa kutosha aliyekosa alama. Aliyepata B tatu na kukosa kuzungumza kwa alama 10 hana haja ya kulipia tarehe ya wiki 3 zijazo. Wengi hufanya hivyo kwa hasira na kupata alama ile ile. Ni afadhali achukue miezi 2 au 3 ya kazi katika sehemu aliyokosa, huku akigusa zile tatu zisishuke, na bado atabaki na nusu ya mwaka kama akiba. Asisahau tu kwamba uhai wa matokeo ya kwanza unaendelea kuisha.

Pasipoti inayotumika kujisajili ndiyo inayotakiwa mlangoni siku ya mtihani, hivyo inayokaribia kuisha ibadilishwe kwanza, kisha tarehe ilipiwe. Matokeo ya OET hutoka baada ya wiki kadhaa kupitia akaunti ya mtahiniwa mtandaoni, na ni kupitia akaunti hiyo anapolipatia baraza ruhusa ya kuyathibitisha. NMC huyahakiki yenyewe kwa njia hiyo, na nakala iliyochapishwa nyumbani haitoshi.